Nafasi ya Mdhamini

Desemba 2017, baada ya ibada ya pili, tuligawa vyerehani 12 mbele ya usharika. Vilikuwa Butterfly vyeusi vya kukanyaga, kila kimoja kimefungwa utepe mwekundu, na mabinti waliovipokea walikuwa wamevaa magauni waliyojishonea wenyewe. Mama zao walipiga vigelegele hadi mchungaji akashindwa kuendelea na matangazo. Mimi nilikuwa mtunza hazina wa kamati ya diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji, na kila shilingi iliyonunua vyerehani vile ilikuwa imepita mkononi mwangu: sadaka ya mavuno, mnada wa kuku na mikungu ya ndizi baada ya ibada, michango ya jumuiya, na bahasha mbili kutoka kwa watu waliokataa kutajwa. Siku ile nililia kwa furaha.

Kufika Oktoba mwaka uliofuata, vyerehani 7 vilikuwa vimeshauzwa.

Kikao cha kamati kilikuwa kizito. Wengine walisema vijana wa siku hizi hawana shukrani, wengine wakasema cha bure hakina uchungu, na mmoja akasema heri fedha ile ingemalizia choo cha kanisa. Mimi nilikuwa nimekasirika kuliko wote, maana ndiye niliyekuwa nikisimama kila Jumapili kuwaomba watu watoe. Ikaamuliwa niende nyumba kwa nyumba nikaulize kulikoni. Nilipewa wiki tatu. Nilitumia miezi miwili, na karibu yote ninayofanya katika huduma hii leo yalianzia hapo.

Usharika wetu uko upande wa Buguruni. Mabinti wengi walikuwa wakikaa Vingunguti, kule kuelekea machinjioni, na wachache Kigogo, kwenye mteremko wa bonde la Msimbazi, ambako masika yakikolea watu hupandisha vitanda juu ya matofali. Binti wa kwanza nilimkuta uani anafua nguo za watu pamoja na mama yake. Akafuta mikono kwenye kanga, "Shikamoo mama," akaniletea kigoda. Hakukana. Alikuwa amekiuza kwa nusu ya bei tuliyonunulia.

Nikamwuliza kwa nini. Alinitazama kama mtu anayetafuta namna ya kusema jambo bila kunivunjia heshima, kisha akainuka, akafungua mlango wa chumba chao, akaniomba nichungulie. Chumba cha futi 10 kwa 10. Kitanda kimoja, godoro la pili limesimamishwa ukutani, ndoo za maji, jiko la mkaa lililozimwa, na mabegi ya shule ya wadogo zake watatu yakining'inia kwenye msumari mmoja.

"Ningekiweka wapi, mama?"

Alianza kwa kukiweka barazani. Mwenye nyumba akamwambia baraza si karakana. Akatafuta kivuli nje ya duka moja kando ya barabara, na mwenye duka akamwuliza, "Wewe mtoto wa nani? Hapa mtaani nani anakufahamu?" Akatafuta fremu, chumba cha duka cha kupanga. Dalali akamwambia kodi ni ya miezi sita kwa mkupuo, na awe na mdhamini. Hata kama tungempa hiyo kodi, mdhamini angemtoa wapi? Baba alishafariki, mama anafulia watu, mjomba yuko Urambo. Cherehani kikakaa chini ya turubai miezi mitano, kikaanza kushika kutu. Mdogo wake alipolazwa, kikauzwa.

Sitaficha: wawili kati ya wale saba waliuza kwa ajili ya simu na nguo, na walinieleza hivyo bila kupepesa macho. Lakini watano walinipa jibu moja kwa maneno tofauti. Ufundi walikuwa nao, kifaa walikuwa nacho, mtu wa kuwasainia hawakuwa naye. Na sisi, katika mikutano yetu yote ya kupanga bajeti, hilo halikuwahi kupita kichwani mwa yeyote.

Ukiwa na watu wako mjini ni vigumu kuliona, kwa sababu wako hapo kila unapowahitaji. Mwenye nyumba anataka mtu wa kumpigia simu kodi ikichelewa. Mwenye pikipiki anataka mtu wa kumfuata kijana akitoroka nayo. Duka linalotafuta mtu wa kukaa kaunta linataka wadhamini wawili wanaofanya kazi inayojulikana. Vituo vya polisi vimeandika ukutani kwamba dhamana ni bure, lakini hata hiyo ya bure inahitaji mtu aje na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, aseme, huyu namfahamu, atarudi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa wa Dar es Salaam. Kijana anayeshuka stendi ya Mbezi Luis na begi moja anaweza kupita katikati ya watu wote hao asimpate mmoja wa kuandika jina lake kwenye nafasi ya mdhamini.

Na nafasi moja ikikaa tupu huzaa nyingine. Anayelala kwenye kibanda cha mwenzake hana anwani, kwa hiyo mjumbe wa nyumba kumi hamtambui. Mjumbe asipomtambua hapati barua ya serikali ya mtaa. Bila barua fomu yake ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, haigongwi mhuri, na bila namba ya NIDA hasajili laini. Laini ambazo hazikuwa zimesajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 2020, na vijana wetu kadhaa walipoteza namba ambazo ndizo walikuwa wakiitiwa vibarua. Huna laini yenye jina lako, huna M-Pesa. Huna M-Pesa, hela unaiweka mfukoni, na hela ya mfukoni Buguruni hailali.

Mimi mwenyewe niliingia Dar mwaka 1996 kutoka Singida, nina miaka 19. Kazi yangu ya kwanza Kariakoo niliipata kwa sababu mama mmoja wa jumuiya yetu alifunga safari hadi dukani, akasimama mbele ya tajiri, akasema, "Huyu ni mwanangu. Akikuibia, njoo kwangu Ilala Bungoni." Hakuwa mama yangu. Tulikuwa tumejuana wiki sita. Tangu siku ile nimeshika hesabu za maduka ya vitenge hadi leo, na bado yule binti wa Vingunguti aliponifungulia mlango, sikuunganisha. Iliniingia nikiwa ndani ya daladala narudi nyumbani, tumekwama kwenye foleni ya Barabara ya Mandela. Nilikuwa nimewapa wale mabinti kila kitu isipokuwa kile nilichopewa mimi.

Miezi michache baadaye nilihudhuria semina ya watu wanaojitolea na vijana, na mwezeshaji akatusimulia YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, ilivyoanza. Kabla ya hapo YMCA kwangu ilikuwa jengo la Upanga. Kumbe mwanzilishi wake, George Williams, alikuwa mtoto wa mkulima kutoka Somerset, Uingereza, aliyekwenda London akaajiriwa kwenye duka la vitambaa jirani na kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Vijana wa madukani walifanya kazi tangu asubuhi hadi usiku, wakalala hapo hapo juu ya duka, na nje ya duka hawakuwa na pa kwenda zaidi ya vilabu vya pombe na barabara. Tarehe 6 Juni 1844, akiwa na miaka 22, yeye na wenzake wachache walianzisha umoja wa kusali na kusoma Biblia pamoja. Wenzangu kwenye semina waliandika tarehe. Mimi akili yangu ilibaki kwenye lile duka la vitambaa. Pale Mtaa wa Kongo nawaona kila siku vijana wanaobeba marobota mchana na usiku wanalala stoo juu ya marobota yale yale, na wengi tajiri wao anawafahamu kwa jina la utani tu. Wale wa London walianza bila mtaji. Walianza kwa kujuana.

Nilirudi na pendekezo: kamati yetu iwe inawadhamini vijana. Tusitoe vifaa tena hadi tuwe tayari kusimama nyuma ya mtu.

Aliyepinga ni mzee mmoja wa kanisa ninayemheshimu sana, mstaafu wa bandari. Alifungua Mithali, akatusomea palipoandikwa kwamba anayemdhamini mgeni ataumia. Na hakuwa anasoma tu. Aliwahi kumdhamini mpwa wake mkopo, mpwa akaingia mitini, mzee akakatwa mshahara miaka miwili wakati watoto wake wako sekondari. Sikuwa na la kumjibu. Mchungaji akaahirisha kikao, akatuagiza kila mtu akasome barua ya Paulo kwa Filemoni.

Ni barua ya mistari 25 tu, na nilikuwa nimeipita mara nyingi bila kusimama. Onesimo ni mtumwa aliyeachana na bwana wake Filemoni, na inaonekana kulikuwa na deni au hasara. Paulo, ambaye mwenyewe ni mfungwa, anamrudisha akiwa na barua mkononi, na ndani yake anamwambia Filemoni: kama alikukosea au unamdai chochote, liandike deni hilo kwangu, mimi nitalipa. Tena anataja kwamba maneno hayo ameyaandika kwa mkono wake mwenyewe.

Kikao kilipokaa tena, mzee ndiye aliyeanza. "Hiyo ni saini," alisema. Akanyamaza kidogo. "Haya. Lakini tuandike ukomo."

Tukaandika ukomo. Tukaanzisha mfuko mdogo wa dhamana unaolishwa na mnada wa Jumapili ya kwanza ya mwezi, na tukakubaliana kwamba kamati haitaweka saini juu ya deni linalozidi kilichomo kwenye mfuko. Nilidhani wakati ule mzee anatubana. Sasa najua alituokoa.

Kijana wa kwanza tuliyemsainia alikuwa muuza mayai ya kuchemsha. Kila jioni alikuwa Buguruni Sokoni na trei lake begani, kopo la kachumbari na la pilipili mkono wa pili, na alikuwa akija kwenye vipindi vyetu vya Jumamosi kujifunza hesabu za biashara. Kwao ni Kilwa, na ni Mwislamu. Kuna waliouliza kwa nini sadaka ya kanisa imdhamini Mwislamu, na mchungaji akajibu kwamba Msamaria kule njiani hakumwuliza majeruhi anasali wapi. Kijana alitaka pikipiki ya mkataba. Wasioujua mkataba, uko hivi: tajiri ananunua pikipiki, kijana anaiendesha na kupeleka hesabu kila siku, kwake ilikuwa shilingi 10,000, na muda mliokubaliana ukiisha bila deni, pikipiki inakuwa yake. Akishindwa katikati, tajiri anaichukua na alicholipa kimekwenda. Ni mkataba mgumu, lakini kwa kijana asiye na dhamana ya benki ndio mlango ulio wazi.

Tulikwenda wote ofisi ya serikali ya mtaa. Kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza, ili isiondoke na mtu, kwa hiyo ilinibidi niinamie karatasi ili niandike. Jina la mdhamini, nikaandika. Namba ya simu, nikaandika. Makazi, nikaandika. Kisha kulikuwa na mstari wenye neno moja: Uhusiano. Nikaandika, "mjumbe wa kamati ya diakonia".

Mtendaji akasoma, akanirudishia karatasi. "Mama, hapa tunaandika uhusiano. Mjomba, kaka, mwajiri. Huyu kijana ni nani kwako?"

Nilimtazama yule kijana, naye akatazama sakafu. Sikuwa na neno. Mtendaji, mtu mwema, akapendekeza "mlezi", nikakata nilichoandika, nikaandika mlezi, akagonga mhuri wake wa zambarau. Tulipofika barabarani, kijana akasimama.

"Mama, sasa nikikosea, wewe ndiye utakayeitwa?"

"Ndiyo."

Hakusema neno lingine hadi tulipoagana. Alimaliza mkataba wake kwa miezi 16. Ile pikipiki, Boxer yenye namba za MC, ina jina lake kwenye kadi, na mara mbili tatu kwa mwezi hunichukua Kariakoo hadi nyumbani, na nauli anakataa.

Ningependa kuishia hapo, lakini kijana wa tatu alitukimbia.

Alikuwa mchangamfu kuliko wote, mwenye kushukuru kwa sauti, anayewahi kupanga viti kabla ya kipindi. Tulimsainia mkataba kama ule wa muuza mayai. Mwezi wa nne wa mkataba, Jumanne asubuhi, tajiri akanipigia: hesabu haijafika siku tatu, simu haipatikani. Jambo la kwanza nililowaza ni ajali. Nilimaliza siku mbili nikizunguka hospitali na vituo vya polisi kutafuta kijana aliyeumia, na namshukuru Mungu kwamba wazo la wizi lilinijia mwisho. Tulikwenda kijiweni kwake, wenzake wakasema alishahama kijiwe tangu mwezi uliopita. Tukaenda mahali alipotuambia anakaa. Hakuna aliyemjua. Alitutajia mtaa, akatutajia mwenye nyumba, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika hapo kabla ya siku ile. Pikipiki haikupatikana, naye hajaonekana hadi leo.

Tulilipa 1,350,000. Mfuko ukabaki na elfu thelathini na kitu. Nililazimika kusimama mbele ya usharika kueleza, na magoti yalikuwa yakitetemeka chini ya gauni. Nilijua wengine wangesema, si tuliwaambia.

Baada ya ibada yule mzee alinifuata ofisini na faili la kamati. Nilijiandaa kuisikia Mithali. Badala yake alifungua barua niliyoisaini, akaweka kidole chini ya sentensi ya kwanza: "Namfahamu mtajwa hapo juu." Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, ulikuwa unamfahamu?"

Sikuwa namfahamu. Nilijua jina lake, tabasamu lake, na kwamba anapanga viti. Nilikuwa nimesaini uongo, nikiwa na nia njema yote duniani. Yule wa mayai nilikuwa namfahamu kwa sababu kwa mwaka mzima nilinunua mayai kwake nikishuka kwenye daladala, nikajua anaamka saa ngapi, anadaiwa na nani, mama yake kule Kilwa anaumwa nini. Kumbe kilichofanya kazi pale kilikuwa mwaka ule mzima. Saini ilikuja kukitia muhuri tu.

Kuanzia hapo tulibadilika. Hatusaini kabla ya miezi mitatu ya kuwa pamoja, na hiyo miezi mitatu ina kazi. Lazima wawili kati yetu tufike anapolala, tukae, tule kilichopo. Lazima tumjue mjumbe wake naye atujue. Na lazima kijana apige simu kwao, tukiwa naye. Hili la simu ndilo gumu. Wapo waliokaa Dar miaka minne bila kuzungumza na nyumbani, kwa sababu waliondoka wakiahidi kutuma hela na hawajawahi kuituma. Nilikaa na kijana mmoja kwenye ngazi za kanisa, akabonyeza namba, akaikata, akabonyeza tena. Mama yake alipopokea, hakuuliza hela. Aliuliza, "Umekula?" Yule kijana aliniachia simu mkononi, akaenda kusimama nyuma ya tangi la maji.

Kwa vijana wa Kiislamu, ustadhi wa msikiti wa jirani ndiye saini ya pili siku hizi. Tulianza kwa kusalimiana msibani, sasa ana nakala ya daftari letu. Yeye ndiye aliyetukataza kumsainia kijana mmoja ambaye sisi tulikuwa tumeshamkubali, na hakutueleza kwa nini zaidi ya kusema, "Dada, subirini kidogo." Tulisubiri. Alikuwa na sababu nzuri.

Kazi nyingine zote zimejipanga nyuma ya hii. Kumbukumbu za kanisa, kwa mfano, zimetusaidia kuliko nilivyotarajia. Cheti cha ubatizo ni moja ya vielelezo vinavyosaidia mtu mzima kupata cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, na nimepiga simu sharika za mikoani kumwomba mwinjilisti afunue kitabu cha ubatizo cha mwaka 2001 atafute jina. Vijana waliojifunza kuchomelea gereji bila kukanyaga chuo tumewapeleka VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ambako kuna utaratibu wa kupima ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini na kumpa cheti. Kikundi chao kimoja kilikuwa kimekamilisha makaratasi ya mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, usio na riba, ambao asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Aprili 2023 mikopo ile ikasitishwa nchi nzima ili utaratibu upitiwe upya, na ilirejea 2024. Kikundi kilikuwa na watu wanane wakati wa kusitishwa. Iliporejea walikuwa watano. Hao watatu hatukuwapoteza, lakini walishakata tamaa na makaratasi, na sikuwa na moyo wa kuwalaumu.

Nirudi kwa mabinti. Yupo mmoja aliyekuja kwetu mwaka 2020 na mtoto mgongoni. Alikuwa kidato cha pili alipopata ujauzito, na wakati ule shule ndio ilikuwa imekwisha. Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba mabinti kama yeye wanaweza kurudi darasani, nilikwenda kwake mbio mbio na habari hiyo. Alinisikiliza hadi mwisho. "Mama, nashukuru. Mtoto nitamwacha na nani?" Bibi yake alikuwa amefariki mwezi uliotangulia. Nilijua amefariki, nilikuwa msibani, na bado nilikuja na habari zangu bila kulifikiria hilo. Akachagua kushona.

Ana mkono ambao haufundishiki. Akiweka kitambaa mezani, hapimi mara mbili. Anashona sare za shule, na kila Desemba na Januari halali, maana wazazi huja dakika za mwisho na watoto wamerefuka. Cherehani alinunua mwenyewe kwa kudunduliza kwenye kikoba cha akina mama wa jumuiya, na miaka miwili amekuwa akishonea barazani kwa mama mmoja wa kwaya, kwa sababu tulimwombea nafasi pale. Mvua ikija anafunika na turubai. Nafahamu anapolala, nafahamu mtoto wake anaogopa paka, nafahamu kwamba Jumatano hali mchana kwa sababu ndiyo siku ya kikoba. Ameshanikasirikia mara mbili, na mara moja alikuwa na haki.

Wiki iliyopita alipata fremu, barabarani kabisa, karibu na shule ya msingi. Mwenye fremu amekubali kodi ya miezi mitatu mitatu, akampa mkataba wa kurasa mbili na kumwambia arudi na mdhamini. Alikuja nao Kariakoo, dukani kwangu, saa ya chakula cha mchana, umefungwa ndani ya mfuko wa nailoni usilowe. Nikasogeza vitenge pembeni, nikautandaza kwenye kaunta na kuusoma wote, neno kwa neno, kama mzee alivyotufundisha. Kiasi kiko ndani ya ukomo. Saini ya pili itakuwa ya mchungaji.

Kwenye ukurasa wa pili alikuwa amenirahisishia kazi. Jina langu alishaandika kwa herufi kubwa, namba ya simu alishaandika, makazi alishaandika. Kwenye mstari wa uhusiano, kwa mwandiko ule ule ulionyooka kama mshono wake, alikuwa ameandika: shangazi.

Nikamwomba kalamu.